Wifi ya kilo: kisanduku kigumu ku stasio, funguo kwa koperative



Kwenye koperative ya kahawa, maneno mingi inaanzia kwenye mizani. Mulimaji anashusha kahawa nyekundu ku stasio ya kuosha, wanapima, wanaandika ndani ya kaye, anapewa karatasi yake. Kesho yake, au siku tatu kiisha, mtu anapandisha ile kaye ku biro, na kule wanaandika zile kilo mara ya pili. Kila mara namba inapoandikwa upya, 1 inaweza kuwa 7, na mstari mmoja unaweza kurukwa. Siku ya malipo memba anaonyesha karatasi ya kilo 47, na biro inaonyesha kilo 41. Nani anasema kweli? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari mbili zisizopatana zinapoteza mali, tena mbele ya macho ya watu wote.

Juu ya hiyo, komite kadhaa zimetuuliza habari ya kile kisanduku kigumu cha wifi kinachofungwa nje, juu ya mlingoti, ili kilo za stasio zifike ku biro saa ileile. Mafundi wanakiita aksesi pointi ya viwandani. Tulifuatana na koperative moja ya upande wa Kalehe, kando ya ziwa Kivu, toka siku ya kuchagua fasi mpaka siku ya kwanza ya kupima. Hapa tunaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, ili komite yenu iongee na fundi bila kufunikwa na maneno yake.

Wifi haiko intaneti

Hili njo jambo la kwanza la kuelewa. Kisanduku kinatoa mawimbi ya redio, na telefone na kompyuta zinazoyapata zinaweza kuongea pamoja. Telefone ya mpimaji inaweza kutuma kilo mpaka ku kompyuta ya biro bila kununua hata mega moja. Intaneti ni njia ingine, inayotoka ku kampuni ya telefone au ku satelaiti, na inalipiwa kila mwezi. Koperative inaweza kuanza na wifi ya ndani tu, na kuongeza intaneti siku feza itapatikana. Lakini kama munafikiri kuuzia watu wa kijiji intaneti, hiyo ni biashara ya pekee: muulize kwanza ARPTC, mamlaka ya Serikali inayosimamia posta na mawasiliano katika Kongo.

Juu ya nini kisanduku kiwe kigumu? Muangalie ku kibandiko chake, mutaona maandishi kama IP67. Namba ya kwanza, 6, inasema vumbi haliingii hata kidogo. Namba ya pili, 7, inasema kinaweza kuzama ndani ya mita 1 ya maji kwa dakika 30 bila kuharibika. Ku stasio, fasi wanaosha mashini ya kumenya kwa mpira wa maji na mvua inapiga kila siku, hiyo ina maana. Tena vingi vya aina hii vinavumilia joto la digrii 70, na chini ya mabati saa saba mchana joto linapanda kweli.

Lakini bei yake inapita mara nyingi bei ya kisanduku cha nyumbani. Kama mizani na biro viko ndani ya nyumba moja, kile cha kawaida kinatosha, na feza zinazobaki muzitie ku meza za kuanikia kahawa. Kigumu kinafaa wakati stasio iko bondeni karibu na maji na biro iko juu ya kilima, au wakati watu wanapima nje.

Fasi: pande mbili zinapashwa kuonana

Ku Kalehe, stasio na biro vinaachana karibu mita 800. Kwa umbali wa namna ile munahitaji visanduku viwili: kimoja ku biro, kingine ku stasio, kila kimoja na antene inayoangalia mwenzake. Kabla ya kununua chochote, mtu mmoja asimame fasi ya mlingoti wa biro na kioo kidogo mkononi, mwingine asimame ku stasio. Kama yule wa chini anaona mwanga wa jua ukirudi toka ku kioo, njia iko wazi.

Lakini kuonana kwa uzi mwembamba haitoshi. Mawimbi yanapanuka katikati ya njia, sawa na tumbo la samaki. Kwa mita 800, katikati ya njia panapashwa kuwa na nafasi ya wazi ya mita 2 kwa uchache kila upande wa mstari, juu na chini pia. Kama kuna migomba, majani yake yamejaa maji, na maji yanakula mawimbi. Mabati yanayarudisha nyuma. Juu ya hiyo antene inafungwa juu ya paa, haifungwi chini yake.

Sisi wa kilimo tunaongeza neno moja ambalo fundi wa wifi anaweza kusahau: miti inakua. Mkaratusi mchanga unaweza kupanda mita 2 au 3 kwa mwaka mmoja. Njia iliyo wazi leo inaweza kufungwa msimu wa pili. Muongee mapema na mwenye shamba la katikati, kama atakubali kupanda maharagi au muhogo kwenye ule mstari badala ya miti. Na hiyo muiandike, yeye atie mkono na komite pia.

Umeme: muhesabu kabla ya kununua plake

Tuchukue kisanduku kinachokula wati 10. Kwa saa 24 kinakula 10 mara 24, ni watisaa 240. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba watisaa 1200, lakini batri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, itakufa mapema. Inabaki 600 za kutumia. 600 kugawanya kwa 240 ni siku mbili na nusu bila jua. Hiyo inatosha kwa mvua zetu.

Plake ya jua ya wati 100, wakati wa mvua, tuseme inapata saa 3 za jua nzuri kwa siku: ni watisaa 300. Kiisha kuondoa zile zinazopotea njiani, inabaki karibu na zile 240 tunazohitaji. Plake ya wati 50 haitafika. Kama munazima kisanduku usiku, toka saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, matumizi yanashuka mpaka watisaa 140 kwa siku, na batri inapumua. Hesabu hii ni ya kisanduku kimoja. Kila upande unahitaji plake yake na batri yake.

Kati ya plake na batri munahitaji regulatere, ile inayozuia batri isijazwe kupita kipimo wala isikaushwe. Na kanuni moja ngumu: batri ya wifi haina kazi ingine. Siku mutaweka hapo waya ya kuchajia telefone za watu, jioni kisanduku kitazima, na mutasema ni kibaya wakati kilinyimwa chakula.

Kuna njia mbili za kuleta umeme mpaka juu ya mlingoti. Ya kwanza ni kupitisha umeme ndani ya kable ileile ya mtandao. Hapo mara nyingi ni volti 48, kwa hiyo batri ya volti 12 inahitaji kifaa cha kuipandisha. Ya pili ni kuunga waya za batri ku kisanduku chenyewe. Vingi vya viwandani vinakubali volti 12 mpaka 48, lakini musome kibandiko, musidhani. Mutazame pia upande wa kujumlisha na wa kutoa, musizigeuze. Kable ya mtandao isipite mita 100 toka mwisho mpaka mwisho.

Radi: hapa kwetu haiko mchezo

Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya fasi zinazopigwa na radi mingi duniani, walizohesabu kwa kutumia satelaiti. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, inchi ya Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza katika Afrika yote, ilikuwa hapa kwetu, mashariki ya Kongo. Tena msimu mkubwa wa kahawa unaangukia ndani ya mvua. Mlingoti wa chuma juu ya kilima bila waya ya udongo ni kuita radi kwa jina.

Kwa hiyo mambo matatu hayaachwi, hata kama fundi anasema ni gharama bure.

Kwanza, fimbo ya shaba ya mita 1 na nusu mpaka 2, ipigwe yote ndani ya udongo wenye unyevu, karibu na mguu wa mlingoti. Waya nene ya shaba itoke ku mlingoti mpaka ku fimbo, fupi, imenyooka, bila kukunjwa kunjwa. Radi haipendi kona: ikikuta kona inaruka pembeni, na pembeni njo fasi watu wanakaa.

Pili, kizuia radi ku kable ya mtandao, pale inapoingia ndani ya nyumba, nacho kiungwe ku fimbo ileile ya udongo. Hicho ni kifaa kidogo kinachokufa badala ya kompyuta. Mununue viwili, kimoja kikae ndani ya sanduku la akiba.

Tatu, ncha ya mlingoti ipite antene kwa juu, ili radi ikija ikute chuma kwanza.

Kazi hii yote haizuii kila radi. Kwa hiyo wakati wingu linanguruma, hakuna mtu anayepanda mlingoti, hakuna anayeshika kable. Kilo ziandikwe ku kaye mpaka wingu lipite.

Neno la mwisho juu ya maji: kable kabla ya kuingia ndani ya kisanduku, ishushwe chini kwanza, kiisha ipande. Maji ya mvua yatadondokea kwenye ule mkunjo, hayatafuata kable mpaka ndani. Na vifuniko vya matundu yasiyotumika vikazwe vyote. Kisanduku cha IP67 chenye tundu moja wazi ni sawa na mtungi uliotoboka.

Kupanga: kazi ya mezani, kabla ya kupanda

Visanduku vyote viwili vipangwe juu ya meza ya biro, kimoja kando ya kingine, mpaka viongee. Kurekebisha kitu juu ya mlingoti, na upepo, na kompyuta mkononi, ni hatari bure. Watu wawili wa koperative wakae karibu na fundi na kuandika kila jambo analofanya.

Hatua ya 1. Muunge kisanduku kimoja tu ku kompyuta kwa kable. Kila kisanduku kinatoka kiwandani na anwani yake, mara nyingi inafanana na 192.168.1.1, imeandikwa ku kibandiko au ku kitabu chake. Kompyuta ipewe anwani ya familia ileile, kwa mfano 192.168.1.50. Kiisha mufungue programu ya kuonea intaneti na kuandika anwani ya kisanduku. Ukurasa wa mipango utatokea.

Hatua ya 2. Mara moja, mubadilishe neno la siri la msimamizi. Neno la kiwandani, kama admin, linajulikana na kila mtu duniani. Anayelijua anaweza kufunga njia ya kilo zenu akiwa amekaa kando ya barabara.

Hatua ya 3. Muchague inchi: Kongo. Kila inchi ina njia za redio na nguvu zinazokubaliwa, na kisanduku kinazifuata kulingana na inchi iliyochaguliwa.

Hatua ya 4. Kila kisanduku kipewe anwani yake. Cha biro kibaki 192.168.1.1, cha stasio kiwe 192.168.1.2. Viwili vikiwa na anwani moja vitagombana, sawa na memba wawili walioandikwa kwa namba moja. Kazi ya kugawa anwani kwa telefone ifanywe na kisanduku cha biro peke yake. Ku kile cha stasio muizime.

Hatua ya 5. Mugawe kazi za redio. Visanduku vingi vya namna hii vina redio mbili. Ile ya gigahezi 5 ifanye daraja kati ya biro na stasio: cha biro kinaita, cha stasio kinaitikia. Ile ya gigahezi 2.4 ihudumie telefone za wapimaji, sababu inapita vizuri zaidi katikati ya kuta na majani, na telefone za zamani zinaijua. Kwa gigahezi 2.4 muchague njia ya 1, ya 6 au ya 11, zile tatu haziingiliani. Kama biro inatumia 1, stasio itumie 6.

Hatua ya 6. Mufunge wifi kwa ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama telefone zenu zote zinaikubali. Neno la siri la wifi liwe na herufi 12 au zaidi, na lisifanane na lile la msimamizi. Jina la koperative na mwaka haliko neno la siri, kila mtu atalibahatisha.

Hatua ya 7. Mutunze mipango yote ndani ya faili moja, na kuiweka ku ufunguo wa USB. Siku kisanduku kitakufa na kingine kununuliwa cha aina ileile, mutarudisha mipango kwa dakika chache.

Vikiisha kuongea mezani, muvipandishe. Mtu mmoja azungushe antene polepole, mwingine asome nguvu ya mawimbi ku kompyuta. Namba iko chini ya sifuri: 60 kutoa ni nzuri, 75 kutoa ni dhaifu. Iliyo karibu na sifuri njo yenye nguvu. Mukipata nzuri, mukaze misumari, kiisha musome tena, sababu kukaza kunaweza kusogeza antene.

Nani anashika funguo

Hapa njo tunaona koperative mingi zinaanguka, na kisanduku kiko kizima. Ku koperative moja tuliyotembelea, fundi alipanga kila kitu vizuri, akalipwa, akahamia mji mwingine na kubadilisha namba. Katikati ya msimu mpimaji alipata telefone mpya na neno la siri lilihitajika. Hakuna aliyelijua. Ilibidi wabonyeze kile kitufe kidogo kinachorudisha kisanduku kama kilivyotoka kiwandani. Mipango yote ilifutika, na kazi ilirudi ku makaratasi mpaka fundi mwingine akapatikana. Koperative ilikuwa imelipa kisanduku, lakini haikuwa na kisanduku.

Kwa hiyo komite iandike ndani ya mapatano, kabla ya kulipa: sehemu ya mwisho ya feza itatolewa kiisha fundi kukabidhi maneno yote ya siri, anwani, na ule ufunguo wa USB. Maneno hayo yaandikwe ku karatasi, yatiwe ndani ya bahasha, mwenyekiti na mtunza feza watie mikono juu ya kifungo, na bahasha ikae ndani ya sanduku la feza. Mbele ya macho ya fundi, mtu wa koperative ajaribu kuingia kwa maneno yale. Yasipofungua, kazi haijaisha.

Kila wakati komite inabadilika kiisha uchaguzi, au mpimaji anaacha kazi, maneno ya siri yabadilishwe na bahasha mpya ifungwe. Na kile kitufe cha kufuta, kisanduku kifungwe fasi ambapo mtoto wala mpita njia hawezi kukifikia.

Kaye isitupwe

Wifi haipimi kahawa. Mtu akitia kidole ku mizani, kilo za uongo zitafika ku biro kwa haraka kuliko zamani, basi. Kwa hiyo memba aendelee kuona mizani kwa macho yake, kusikia namba ikisemwa kwa sauti, na kubeba karatasi yake. Programu ya kupima iwe ile inayotunza kilo ndani ya telefone wakati daraja limekatika, na kuzituma likirudi.

Kila wiki, komite ya uangalizi ichague karatasi kumi za memba kwa kura, na kuzilinganisha na kompyuta ya biro mbele ya watu. Zikipatana, watu watatulia. Zisipopatana, mutajua kosa liko siku gani na kwenye mizani gani, wakati memba bado anakumbuka, na feza bado haijagawanywa.

Kila mwezi mtu mmoja aangalie mambo manne: plake ifutwe vumbi, miguu ya batri isiwe na kutu, waya ya udongo iwe imekaza, na miti ya katikati isiwe imepanda. Aandike tarehe na jina lake ku kaye.

Kabla ya kutoa feza, komite ijibu maswali haya mbele ya mkutano wa memba: Je, stasio na biro vinaonana? Umeme wetu unatosha siku mbili bila jua? Fimbo ya udongo iko ndani ya bei? Nani wawili watajifunza kazi pamoja na fundi? Bahasha itakaa wapi? Kama swali moja halina jibu, musubiri. Kahawa ya msimu huu inaweza kupimwa na kaye nzuri, na kisanduku kikija msimu utakaofuata, kitakuta watu wa kukishika.